Umeacha jembe, sahani ni ileile

Msomaji, wengi mnauliza mle kalori ngapi kwa siku ili uzito usipande. Hakuna jibu moja kwa wote, ila hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani.

Zidisha kilo zako kwa 10, na urefu wako wa sentimita kwa 6.25, kisha jumlisha. Toa umri wako mara 5. Mwanamke atoe tena 161; mwanamume aongeze 5. Hizo ni kalori ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika tu.

Mama wa miaka 35 mwenye kilo 70 na sentimita 160 anapata 1,364. Akishinda ameketi dukani, azidishe kwa 1.2: karibu 1,640 kwa siku, uzito ubaki ulipo. Akilima na kuchota maji, azidishe kwa 1.55: zinapita 2,100. Hapo ndipo wengi wanapoponzeka. Mtu ameacha jembe, kahamia dukani, na ugali bado anapakua wa shambani.

Kabla ya kulaumu ugali, tazama pia chupa ya mafuta. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, nasi humimina kwenye mchicha bila kupima.

Haya ni makadirio; mjamzito, anayenyonyesha na mwenye kisukari amwone daktari kwanza. Mtoto usimfanyie hesabu hii, wala usimnyime chakula kwa sababu shangazi kamwita bonge. Mpeleke kliniki apimwe uzito na urefu.