Wakaaji wa ndani ya jani

Tumezoea kusikia neno bakteria pale tu magonjwa yanapotajwa: kipindupindu, kifua kikuu, homa ya matumbo. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba mti mzima, usio na ugonjwa, hauna bakteria hata mmoja ndani yake. Sivyo. Chuma jani la mti wo wote wenye afya, liwe la mwembe au la mkahawa, ukalioshe vizuri kwa sabuni: bakteria wengine watabaki, kwa maana hawakai juu ya ngozi ya jani tu, bali hata ndani.

Leo tungependa kueleza wakaaji hao wanatoka wapi, na kwa nini miti miwili ya aina moja, ikilelewa mahali mbalimbali, yaweza kuwa na wakaaji wasiofanana. Jambo hili lawahusu wote wanaootesha miche, nyumbani au shuleni.

NYUMBA NA MILANGO YAKE

Tukikata jani na kulitazama kwa mikroskopi, ile darubini ya kuonea vitu vidogo, twaona kwamba katikati ya chembe zake mna nafasi nyingi zenye hewa na unyevu. Katika ngozi yake, hasa upande wa chini, mna vitundu vidogo mno. Jani huvifungua ili kupata hewa, na huvifunga ukame ukizidi, lisipoteze maji. Bakteria hukaa katika nafasi hizo za ndani.

Huingia kwa njia tatu. Wengine ni wa urithi: hutoka kwa mti mzazi, wakapita katika mbegu. Wengine hutoka udongoni, hupenya mizizi, wakapanda pamoja na maji mpaka majanini. Wengine tena huletwa na mvua, upepo, vumbi na wadudu, wakaingia kwa vitundu vile au kwa jeraha la jani. Basi njia ya kwanza yategemea ukoo wa mti. Lakini njia mbili nyingine zategemea sana mahali mti ulipokulia.

WENYE KURITHIWA

Katika jamaa ya mkahawa kuna vichaka ambavyo wataalamu huviita Psychotria na Pavetta. Aina zake nyingi huota Afrika, hata katika misitu ya Kongo. Ukiinua jani la baadhi yake mbele ya mwanga, utaona madoa meusi. Mwaka 1902 mtaalamu Albrecht Zimmermann, aliyefanya kazi katika kisiwa cha Java, alieleza kwamba madoa hayo ni vifundo vilivyojaa bakteria.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba bakteria hao huupatia mmea nitrojeni ya hewani, ile ambayo wengine shuleni huiita azoti, kama wafanyavyo bakteria wa mizizi ya maharagwe. Uchunguzi wa siku hizi umeonyesha kazi nyingine: bakteria wa Psychotria kirkii hutengeneza dawa ya kuua wadudu, iliyopewa jina la kirkamidi. Tena watafiti walipowaua bakteria wa mimea yenye vifundo vya namna hii, kwa joto au kwa dawa, mimea ilidumaa na kuharibika umbo. Hapo mmea na mkaaji wake hawawezi kuachana bila hasara.

WENYE KUPATIKANA NJIANI

Miti mingine mingi haikufungana hivyo na bakteria wa namna moja. Je, kwao nini chenye nguvu zaidi, ukoo au mahali?

Mwaka 2010 watafiti walitangaza uchunguzi wao juu ya bakteria wa aina 56 za miti huko Boulder, katika jimbo la Colorado, Marekani. Walichunguza pia msonobari uitwao Pinus ponderosa katika nchi zilizo mbali mbali. Bakteria wa misonobari hiyo walifanana kuliko wale wa miti jirani ya aina nyingine. Hapo ukoo ulishinda. Lakini mwaka 2011 watafiti wengine waliochunguza Tamarix, mti wa jangwani unaotoa chumvi kwa majani yake, waliona kwamba mahali ndipo palipoamua. Chunguzi hizo mbili zilihusu bakteria wa juu ya majani, yaani wale walio mlangoni. Zatufundisha kwamba hakuna jibu moja kwa miti yote.

Na wa ndani? Katika milima hiyo hiyo ya Colorado, mahali paitwapo Niwot Ridge, kuna msonobari mwingine, Pinus flexilis. Mwaka 2014 ilionekana kwamba ndani ya majani yake mna bakteria wengi wa jamaa ya wale wanaogeuza pombe kuwa siki. Mwaka 2016 zilitolewa dalili kwamba majani ya msonobari huo hupata nitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wa ndani. Uchunguzi mwingine wa 2018 ulionyesha kwamba umri wa mti, sehemu yake, na hali ya mahali hubadili wakaaji hao: mche mchanga haukuwa nao sawasawa na mti uliokomaa.

Mfano wa muwa ni wazi zaidi, ingawa muwa si mti. Mwaka 1988 watafiti wa Brazili walieleza bakteria akaaye ndani ya muwa, awezaye kutwaa nitrojeni ya hewani. Mwaka 1999 ilitangazwa kutoka Meksiko kwamba miwa iliyopewa mbolea nyingi ya nitrojeni ilikuwa na bakteria hao wachache. Kwa hiyo mkono wa mkulima nao huchagua wakaaji wa mmea, hata kama mwenyewe hajui.

MAFUNZO KWA WENYE VITALU

Labda msomaji atauliza: haya yatufaa nini? Tutazame mkakao. Huko Panama watafiti walilelea miche ya mkakao mahali safi, majani yake yasipate kuvu wa ndani, ambao ni jirani za bakteria. Kisha majani mengine wakayapa kuvu waliotolewa katika mikakao yenye afya, wakaipatia miche kimelea cha ugonjwa mkali, kiitwacho Phytophthora. Majani yaliyokuwa na kuvu wale yaliumia kidogo kuliko yale matupu. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2003. Mwaka 2017 ilionekana tena kwamba miche iliyowekewa majani makavu yaliyoanguka kutoka mikakao mizima ilidhuriwa kidogo kuliko mingine.

Twaona basi kwamba mche uliolelewa katika usafi wa kupita kiasi waweza kupendeza macho, lakini ukafika shambani bila wasaidizi wake. Hatusemi kwamba uchafu ni mzuri! Majani ya mti mgonjwa hubeba ugonjwa. Yafaa kuyaondoa mbali na miche. Wala hatusemi kwamba kila bakteria ni rafiki, au kwamba mbolea ni mbaya; shamba lililochoka lahitaji chakula. Twasema tu: pima kwa busara. Usiimwagie miche mbolea bila kujua udongo wako unapungukiwa na nini. Na kabla ya kufagia na kuchoma majani yote yaliyo chini ya mti wenye afya, fikiri kwanza kama hayafai kukaa pale kitaluni.

Nanyi wanafunzi, mkitumwa kuotesha miche ya shule, jaribuni jambo hili: gawanyeni miche ya aina moja katika mafungu mawili, moja lipate majani makavu ya mti mzima wa aina hiyo, la pili lisipate. Mengine yote yawe sawa: maji, kivuli, udongo. Andikeni kila juma hali ya majani ya kila fungu. Bakteria hamtawaona kwa macho. Lakini mtajifunza kulitazama jani kama mahali penye wenyeji, na kumlea mche pamoja nao.