Ficha akiba ukitaka, lakini usifiche deni

Mtu anayefanya mambo ya siri ndani ya nyumba mara nyingi ndiye anayeonekana wa kawaida kuliko wote. Anaamka alfajiri, anafungua duka, anawapa watoto nauli ya shule, na jioni anarudi na mkate mkononi. Jirani hana la kumshuku. Siku mkopeshaji anapofika na vijana wa kubeba mali, ndipo wa nyumbani wanapojua kwamba mtaji waliodhani ni wao umekuwa rehani kwa miezi mingi.

Mambo haya huchukuliwa kuwa ugomvi wa mume na mke, wa kumalizwa na wazee sebuleni. Kwa wafanyabiashara wa mpakani, hesabu hiyo ina kasoro. Deni la siri la mtu mmoja Kampala linaweza kumfilisi muuzaji wa Busia au wa Kariakoo ambaye hajawahi kukanyaga mlangoni kwa mdaiwa. Ni suala la soko, na soko lina haki ya kulizungumzia.

Chukua Bwaise, mtaa ulio katika Divisheni ya Kawempe, kaskazini mwa jiji la Kampala, mahali ambapo barabara ya Bombo inapishana na ile ya Northern Bypass. Mafundi seremala hupanga vitanda na makochi kando ya njia, mitumba huning'inizwa mbele ya vibanda, na familia nyingi huishi katika vile vyumba vya kupanga vya mlango mmoja ambavyo watu wa Kampala huviita mizigo. Kati ya duka na nyumba hakuna ukuta wa maana. Fedha ya kununua bidhaa na fedha ya kununua unga hutoka mfuko mmoja.

Bwaise pia iko bondeni. Mvua kubwa ikinyesha, mifereji hufurika na maji huingia vibandani. Usiku mmoja unatosha kulowesha magunia ya sukari au kuharibu marobota ya nguo. Asubuhi mwenye duka ana njia mbili: kuwaambia wa nyumbani kwamba mtaji umekwenda na maji, au kukopa kimyakimya, ajaze rafu na kuendelea kama kawaida. Wengi huchagua ya pili. Hawafanyi hivyo kwa uovu. Wanaona aibu, na wanatumaini kwamba wiki mbili za biashara nzuri zitafuta kila kitu kabla mtu hajajua.

Tatizo ni kwamba wiki mbili hizo mara nyingi haziji. Mkopo wa kwanza unalipwa kwa mkopo wa pili, wa pili kwa wa tatu. Mwenye kukopa sasa ana kazi mbili: ile ya duka, na ile ya kuhakikisha hakuna anayeona. Anatoka nje kupokea simu. Anasema mauzo yamekuwa mabaya kumbe mauzo yamepelekwa kwa mkopeshaji.

Zamani siri ya namna hii ilikuwa ngumu kuitunza. Aliyetaka mkopo alihitaji mdhamini, na mara nyingi barua ya mwenyekiti wa mtaa, yule wa LC1, naye angeuliza maswali. Leo simu imeondoa mashahidi wote hao. Kenya ilipata M-Shwari mwaka 2012, Tanzania M-Pawa mwaka 2014, na Uganda MoKash mwaka 2016. Huduma hizi zimewasaidia wachuuzi wengi ambao benki haikuwa na muda nao, na hakuna sababu ya kuzilaani. Lakini mkopo unaotolewa kwa namba ya siri unaweza kubaki siri hata kwa mtu anayelala kitanda kimoja na mkopaji.

Baada ya simu kuna mkopeshaji wa mtaani. Uganda ilitunga sheria ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji mwaka 2016 ili biashara hiyo ipewe leseni na kusimamiwa. Hata hivyo, wapo wakopeshaji wanaomtaka mteja asaini mkataba wa mauziano badala ya mkataba wa mkopo. Kwenye karatasi, pikipiki au kiwanja kimeshauzwa. Akichelewa kulipa, mkopeshaji anakuja kuchukua "mali yake". Anayesaini karatasi ya namna hiyo peke yake, bila jicho la pili, ndiye anayenaswa kirahisi. Usiri unampunja hata yeye aliyeutafuta.

Sasa tazama linavyovuka mpaka. Biashara ya Afrika Mashariki haiendeshwi kwa fedha taslimu pekee. Sehemu yake kubwa huenda kwa mali kauli: muuzaji anatoa mzigo leo, analipwa ukishauzwa. Muuzaji wa upande wa pili haombi hati. Anaamini kwamba familia ile ina duka, duka lina bidhaa, na imekuwa ikilipa miaka yote. Ikiwa bidhaa hizo zimewekwa rehani bila mtu kujua, imani yake imesimama juu ya kitu ambacho hakipo. Mkopeshaji akibeba mzigo, amebeba pamoja na jasho la mtu wa Nairobi, Mwanza au Bukavu.

Serikali zimefanya kazi ya kuharakisha mizigo. Kituo cha pamoja cha Mutukula kilizinduliwa mwaka 2017, na cha Busia mwaka 2018. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za ndani ya Jumuiya zisizozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Haya ni mafanikio. Lakini afisa wa forodha anakagua gunia. Hakagui deni lililofungwa ndani yake. Kazi hiyo imebaki kwa wafanyabiashara wenyewe.

Je, sheria inasaidia? Inasaidia nusu. Tanzania, kupitia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Uganda imeweka kinga ya ridhaa kwa ardhi ambayo familia inaishi au inajipatia riziki, kupitia Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 na marekebisho yake. Kenya ilifuata kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Nchi tatu, fikra moja: paa la familia si la mtu mmoja kuliweka rehani.

Lakini mpangaji wa Bwaise hana paa la kuweka rehani. Utajiri wake ni friji, cherehani, pikipiki na bidhaa zilizo kwenye rafu. Na hapo mkondo wa sheria umekwenda upande mwingine. Kenya mwaka 2017 na Uganda mwaka 2019 zilipitisha sheria za kurahisisha matumizi ya mali zinazohamishika kama dhamana ya mkopo. Nia ni njema, kwa sababu asiye na ardhi naye anahitaji mtaji. Lakini matokeo yake ni kwamba vitu vinavyoilisha familia ya mpangaji vinaweza kufungwa kwenye deni kwa wepesi ambao nyumba ya mwenye hati haiwezi. Anayehitaji kinga zaidi ndiye mwenye kinga ndogo.

Wapo pia wanaoficha si deni bali tamaa. Tanzania haijasahau DECI, mpango wa "kupanda na kuvuna" fedha uliozimwa mwaka 2009. Uganda ilipata Dunamiscoins, iliyofunga ofisi zake Desemba 2019 na kuwaacha waweka fedha wakilia hadi Bungeni. Mipango ya aina hii hustawi pale mtu anapopeleka fedha za familia bila kumuuliza yeyote, akitaka kuja kuwashangaza kwa faida. Swali moja la mezani, "faida hiyo inatoka wapi?", lingeokoa mitaji mingi.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Si kila siri ya fedha ni mbaya. Wanawake wengi wa sokoni wana kibubu ambacho waume hawakijui, na wana sababu. Wamewahi kuona mtaji ukichukuliwa kwa nguvu, ukaishia kwenye pombe au kwa nyumba ndogo. Kuwaambia wanawake hao waweke kila shilingi mezani ni kuwanyang'anya kinga. Usiri pia una historia katika eneo hili. Mwaka 1975 utawala wa Idi Amin uliunda mahakama ya makosa ya uchumi, na mtu wa magendo au aliyeficha bidhaa aliweza kupewa adhabu ya kifo. Kizazi kilicholelewa katika hofu hiyo kilijifunza kwamba mfanyabiashara mwenye akili hasemi alicho nacho, na mafunzo hayo yalirithiwa.

Hata hivyo, akiba na deni ni vitu viwili tofauti. Akiba ya siri ikipotea, aliyeificha ndiye anayepoteza. Deni la siri likikomaa, linalipwa na watu ambao hawakuulizwa: mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ada, mama mkwe anayeuza mbuzi wake, na muuzaji wa ng'ambo ya mpaka anayesubiri fedha zisizokuja. Anayeficha akiba anajilinda. Anayeficha deni anawaweka wengine dhamana bila saini yao. Mstari huo uko wazi, na ndio ambao soko linapaswa kuusimamia.

Kuusimamia hakuhitaji bunge. Kwanza, mwenye kukopa kwa ajili ya biashara ya familia awe na shahidi mmoja anayejua kiasi, riba na tarehe ya kulipa. Si lazima awe mume au mke. Palipo na vipigo au ulevi, shahidi huyo awe dada, mtoto mkubwa au mwenzake wa chama. Pili, vikundi vya akiba na mikopo, ambavyo vimejaa katika masoko ya mpakani, vikatae kutoa mkopo mkubwa kwa mwanachama asiyemleta shahidi. Tatu, anayetoa mali kauli asiridhike na namba moja ya simu. Achukue ya pili, ya mtu wa nyumba hiyo hiyo, na aulize kabla ya mzigo mkubwa kama kuna dhamana iliyowekwa. Uganda na Kenya zina rejista za dhamana hizo zinazoweza kupekuliwa. Vyama vya wafanyabiashara vingefanya jambo la maana kumsaidia mwanachama asiyejua pa kuanzia.

Serikali nazo zina deni lao. Zilipoandika kinga ya nyumba ya ndoa zilikuwa sahihi. Zimalizie kazi kwa kuitazama familia ambayo riziki yake ni kibanda na cherehani, na zifanye hivyo kwa pamoja, kwa sababu mali inayowekwa rehani Kampala huenda ilinunuliwa kwa imani ya mtu wa Nairobi.

Na wa nyumbani pia wana sehemu yao. Aliyepoteza mtaji kwa mafuriko anaficha kwa sababu anajua atakavyopokelewa. Nyumba ambayo habari mbaya ya biashara hujibiwa kwa matusi na kudharauliwa inajifundisha yenyewe kudanganywa. Hasara iliyosemwa asubuhi ya mafuriko ni magunia machache. Ikifichwa mwaka mzima, ni duka zima, pamoja na jina la familia mbele ya wale waliowaamini.