Kihoro Baada ya Matanga: Tiba ya Mtandaoni na Lugha ya Wafiwa wa Mombasa Bara

Kifo cha wengi harusi, hunena wahenga, nasi wanafunzi wa fasihi tumeizoea methali hii kiasi cha kutoihoji. Watu wa Mtongwe wana haki ya kuihoji. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyokuwa ikivuka kutoka huko kwenda kisiwani, ikiwa imepakia abiria kupita kiasi chake, ilipinduka karibu na gati, na watu 272 wakaangamia. Nyumba nyingi za Likoni ziliweka matanga kwa wakati mmoja. Sidhani kama yuko aliyeona harusi. Methali iliyo karibu zaidi na ukweli wao ni ile isemayo kwamba mwenye kovu usidhani kapoa.

Hali ya mfiwa asiyepoa sasa ina jina katika vitabu vya matabibu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Chama cha matabibu wa akili cha Marekani kikafuata Machi 2022. Anayehusika ni yule ambaye hamu ya marehemu haimwachi usiku wala mchana, ambaye uchungu wake unamzuia kazi, malezi na jamaa. Shirika hilo linataka hali hiyo iwe imedumu kwa miezi isiyopungua sita, na Wamarekani wanataka mwaka mzima kwa mtu mzima. Pande zote mbili zinaongeza sharti ambalo, kwa maoni yangu, linatuhusu sisi kuliko linavyowahusu madaktari: kwamba majonzi hayo yawe yamevuka mipaka ya mila na dini ya mfiwa mwenyewe.

Ni nani basi aijuaye mipaka hiyo? Matanga ya siku tatu, hitima, arobaini, eda ya mjane ya miezi minne na siku kumi, hanga la Wamijikenda: yote haya ni vipimo vya muda ambavyo jamii ya Pwani ilijiwekea kabla ya kuwapo hojaji yoyote. Mjane akivishwa nguo za eda haambiwi ni mgonjwa. Akiivua eda, akaoga, watu wakatawanyika, naye akabaki pale pale alipokuwa siku ya kwanza, hapo ndipo mila inapokaribia kunyamaza. Twamwambia ashukuru Mungu, twamwambia ni mapenzi yake Mola, kisha twarudi majumbani. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba takriban mfiwa mmoja kati ya kumi, miongoni mwa watu wazima waliofiwa kwa vifo vya kawaida, hufikia hali hii. Pale ambapo kifo kilikuwa cha ghafla au cha ukatili, idadi hupanda sana. Kwa hiyo wafiwa walio wengi hawahitaji tabibu. Matanga yanawatosha, na yeyote anayetaka kuyageuza machozi yote kuwa ugonjwa apingwe.

Kwa wale wachache imebuniwa tiba ya mazungumzo ichunguzayo fikra na mienendo, ambayo wengine wameiita tiba ya utambuzi na tabia. Msomaji wa jarida hili atashangaa kuona ilivyo karibu na somo lake. Mwaka 2006 Birgit Wagner, Christine Knaevelsrud na Andreas Maercker walichapisha matokeo ya jaribio la kuitoa kwa njia ya intaneti, na dawa waliyoitumia ilikuwa ni insha. Kwa majuma matano mfiwa aliandika mara mbili kila juma, naye mtabibu akamjibu kwa maandishi. Kwanza alisimulia kifo chenyewe, hasa kile kipande ambacho moyo hukikwepa. Kisha akamwandikia rafiki wa kubuni aliyepatwa na msiba kama wake, akimpa nasaha, na kwa kumnasihi mwenzake akaanza kuitilia shaka ile hukumu aliyojitolea mwenyewe, kwamba “ningalimzuia asiende siku ile.” Mwisho aliandika waraka wa kuaga au wa kukumbuka. Masimulizi, nasaha na waraka ni tanzu tunazozifundisha kila muhula.

Sehemu nyingine ya tiba hii ni kumrejesha mfiwa, hatua kwa hatua, kwenye mahali anapopaogopa. Hapa Likoni inaleta tatizo ambalo mtungaji wa programu aliyeko Ulaya hakuliwazia. Mfiwa wa feri hana nafasi ya kuikwepa feri. Kivuko ndicho njia yake ya kwenda kibaruani na kurudi. Hupanda kila siku, macho ameyafumba, meno ameyauma, na miaka inapita bila ya kupona. Kupita mahali pa msiba si sawa na kupakabili. Programu itakayomuuliza kama “anaepuka maeneo yanayomkumbusha marehemu” itapokea jibu la hapana, na kumhesabu kuwa mzima.

Lugha nayo? Nimekwisha kuona tafsiri za aina ya “ugonjwa wa huzuni iliyorefushwa,” na nathubutu kusema kwamba hapana mama wa Kisauni atakayejitambua humo. Huzuni ni neno pana mno. Mtu huhuzunika timu yake ikifungwa. Kiswahili kina simanzi, majonzi, jitimai na ghamu, na zaidi ya yote kina kihoro, yaani lile sikitiko kuu la kufiwa au kupotelewa lenye kumla mtu ndani kwa ndani. Twasema fulani amekufa kihoro. Msemo huo unakiri kwamba majonzi yaweza kuua, jambo ambalo orodha za kimataifa zimechelewa kulikaribia. Napendekeza neno hili lichukuliwe kama lilivyo kuwa istilahi. Litapingwa kwa kuwa ni la mitaani na halina sura ya kisayansi. Nchini Zimbabwe, Dixon Chibanda na wenzake, walioanzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006, walilichukua neno la Kishona kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, wakalifanya mlango wa tiba badala ya jina la kigeni la sonona, na mabibi wa mitaani wakaweza kuwatibu majirani zao kwa neno hilo.

Aidha, si kila mtu huomboleza kwa Kiswahili sanifu. Wa Likoni aweza kulia kwa Kidigo, wa Kisauni kwa Kigiriama au Kimvita, wa Changamwe kwa Kikamba, Kitaita au Kijaluo. Mbolezi haziimbwi kwa sarufi ya shuleni. Ndiyo maana naona ujumbe wa sauti utafaa zaidi hapa kuliko insha ya kuandikwa, hata kama majaribio ya mwanzo yalitegemea maandishi.

Wako watakaosema kwamba simu haina ubinadamu, na mfiwa ataka mkono wa kushikwa. Kweli, lakini matanga yaliingia simuni zamani. Mwaka 2020, serikali ilipoagiza mazishi yasizidi watu 15 kwa sababu ya korona, rambirambi zilitumwa kwa M-Pesa na dua zikasomwa kwa simu. Kinachonitia wasiwasi mimi ni faragha. Katika nyumba ya vyumba vya kupanga, simu moja yatumiwa na watu watatu, na pa kulilia peke yako hapapatikani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yailinda habari ya afya dhidi ya kampuni. Haiwezi kuilinda dhidi ya shemeji. Tena mfiwa mwenye kihoro hufika akasema “nataka kumfuata.” Hadi juzi kauli hiyo ilikuwa na hatari yake, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ilitamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Programu yoyote itakayoletwa ni lazima iwe na mtu hai wa kuipokea kauli hiyo, usiku ule ule.

Wapatikane wapi watu hao? Si lazima wote wawe na shahada za saikolojia. Jaribio lililofanywa Moshi na Bungoma kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi, na kuchapishwa mwaka 2020, liliwatumia washauri wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, nao wakafaulu, hasa upande wa Kenya. Kwa watu wazima wa Pwani jambo hili lingali linasubiri mtu wa kulianza.

Kuna kundi moja ambalo haliingii katika vitabu hata kidogo. Ripoti ya HAKI Africa ya Desemba 2016 kuhusu waliouawa na waliotoweka Pwani kati ya 2012 na 2016 ilibeba swali kuwa jina lake: familia tuwaambie nini? Mke wa aliyetoweka hajui kama akae eda au asubiri. Hakuna kaburi, hakuna hitima, na kwa mujibu wa orodha ya magonjwa hakuna maradhi, kwani sharti la kwanza ni kifo. Neno kihoro, lenye kubeba kufiwa na kupotelewa kwa pamoja, linampokea mama huyo.

Kwa hiyo idara za Kiswahili, kuanzia Chuo Kikuu cha Pwani kilicho karibu, zingeweza kuwatuma wanafunzi wa mwaka wa tatu uwandani, Mtongwe, Bamburi na Port Reitz, wakusanye msamiati wa msiba jinsi wafiwa wenyewe wausemavyo, pamoja na mtabibu wa akili na mshauri wa kuwaangalia wanafunzi nao, maana kazi hiyo si nyepesi kwa kijana. Kibali huombwa NACOSTI, na maombi yapelekwe kabla ya muhula kufungwa.