Nondo za Madirishani na Uhai wa Watoto Wetu



Mwezi Septemba 2020 watoto wasiopungua 10 waliteketea kwa moto usiku katika bweni la shule ya Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Ilikuwa shule ya ndugu zetu Waislamu. Waliokimbilia kuwaokoa walikuta madirisha yana nondo. Kabla ya hapo, Juni 1994, wasichana wasiopungua 40 walikufa bwenini Shauritanga, Rombo. Na mwaka 2009 wengine 12 walikufa Idodi, mkoani Iringa.

Baadhi yenu mtasema: hayo ni mabweni, na sisi huku Bagamoyo tuna shule za awali za mchana tu. Ndivyo tulivyodhani nasi.

Muhula uliopita tuliwaomba walimu wa shule moja ya awali ya Kanisa katika pwani yetu wapige kengele ghafla asubuhi na kuwatoa watoto wote hadi chini ya mwembe. Hatuitaji shule hiyo, kwa kuwa lawama ni yetu sisi tuliosimamia ujenzi wake. Darasa la wadogo lina milango miwili. Ule wa mbele hufunguka kwa ndani. Watoto walipousongamania, waliufunga wao wenyewe kwa miili yao. Ule wa nyuma ulikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao mlinzi wa usiku, ambaye alikwisha kwenda nyumbani kulala. Walipotoka hatimaye, mwalimu alihesabu watoto 38. Je, wengine walikuwa wagonjwa nyumbani, au wamebaki ndani? Hakuweza kujua, maana daftari la mahudhurio lilibaki mezani. Wawili walikutwa chooni, na mmoja wa miaka minne chini ya meza, akilia, akidhani kengele ile ni ya adhabu.

Haukuwa moto, na hakuna aliyeumia. Lakini jiko la kuni la kupikia uji limeegemea ukuta wa darasa hilo, nalo limeezekwa kwa makuti.

Nondo zile tuliziagiza sisi, baada ya wezi kuchukua sufuria na viti vya plastiki. Waamini walichanga kwa moyo mkunjufu. Katika vikao vyote vya ujenzi tuliuliza mwizi ataingia wapi. Hakuna aliyeuliza mtoto atatokea wapi. Torati iliwaagiza Waisraeli wajengao nyumba mpya kuzungushia dari ukuta mdogo, ili mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya mwenye nyumba (Kumb. 22:8). Mungu hakuliona jambo la fundi mwashi kuwa dogo mno kwa amri yake. Nasi tukumbuke kwamba wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanza kazi Bagamoyo mwaka 1868, miongoni mwa wale wa kwanza waliowapokea walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Wazazi wa leo, wa Mapinga, Zinga au Kerege, wanaoondoka alfajiri kwenda kutafuta riziki Dar es Salaam, wanatukabidhi watoto wao kwa imani ileile.

Fedha ni kisingizio. Tumeona mahafali ya chekechea yenye majoho, keki na muziki wa kukodi, katika jengo lisilo na njia ya pili ya kutokea.

Twawaomba viongozi wa walei waende kuona kwa macho yao, bila kungoja barua ya paroko. Wageuze milango ifunguke kwa nje. Nondo za dirisha moja walau katika kila chumba zifungwe kwa bawaba na komeo ambalo mtu mzima aliye ndani aweza kulifungua bila ufunguo. Kufuli la mlango wa nyuma liondolewe kabla mtoto wa kwanza hajaingia. Daftari litoke pamoja na mwalimu. Namba 114 ya zimamoto iandikwe ukutani, lakini tusiwategemee wao peke yao: watakaofika kwanza ni majirani, Waislamu kwa Wakristo, basi nao waalikwe kwenye zoezi. Na zoezi lenyewe lirudiwe kila muhula, bila fimbo wala makaripio, hadi watoto waizoee kengele ile.

Katika shule tuliyoisimulia, jiko limehamishwa na mlango wa mbele umegeuzwa. Fundi wa kuchomelea amekwisha kubadili madirisha mawili. Yamebaki manne.