Asiyekubali Kushindwa Si Mshindani

Sisi tupendao michezo hatujaisahau Jumapili ile ya tarehe 14 Julai 2019, ambayo London ilikuwa na fainali mbili kuu kwa saa zile zile.

Huko Wimbledon, Federer wa Uswisi alicheza tenisi na Djokovic wa Serbia saa 5 kasoro dakika 3. Federer alipata pointi 218, mwenzake 204. Mara mbili alibakiza pointi 1 tu atwae kikombe. Walakini tenisi huamuliwa kwa seti, naye Djokovic akashinda 3 kwa 2.

Uwanjani Lord's, Uingereza na New Zealand ziligombania kombe la dunia la kriketi. Zikatoka sawa, mikimbio 241 kwa 241. Zikaongezewa mipira 6 kila upande, zikawa sawa tena, 15 kwa 15. Ndipo ikahesabiwa mipira iliyopigwa hata ukingoni mwa uwanja: Uingereza 26, New Zealand 17. Mwaka uo huo kanuni hiyo ikaondolewa. Lakini Williamson, nahodha wa New Zealand, alikuwa amekwisha kuikubali kwa upole.

Enyi wazazi na walimu, watoto wetu twawafundisha kushinda. Ni nani awafundishaye kushindwa? Mtoto akianguka katika mchezo au mtihani, msimcheke, wala msimtafutie mtu wa kumlaumu. Mfundisheni kumpa mwenziwe mkono, kisha aanze tena. Mtume Paulo alitufananisha na wapigao mbio. Na taji tuitafutayo haitolewi kwa hesabu ya mipira.

Amani na ikae nyumbani mwenu.