Matembezi ya Familia: Sokomutu wa Tongo



Ukitaja parki hapa Kirolirwe, vijana wengi wanawaza wazungu, kamera na dola. Kumbe Virunga ni jirani yetu. Iliundwa mwaka 1925, ndiyo parki ya taifa ya kwanza katika Afrika. Usiku Nyamulagira ikiwaka, wekundu unaonekana angani upande wa mashariki, na hakuna anayetulipisha tikiti.

Ng'ambo ya mlima huo, upande wa kaskazini, iko Tongo. Pale kuna kipande cha msitu kilichozungukwa na mawe ya volkano, kama kisiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu walianza kuwazoesha sokomutu wa pale, wageni wakawa wanaenda kuwatazama. Vita vya miaka ya 1990 vikavunja kazi ile.

Sasa sikieni jambo la ajabu. Mvua inanyesha Tongo, lakini maji hayakai juu. Mawe yale yana matundu, yanameza yote. Hakuna kijito. Basi sokomutu wanakunywa nini? Mtafiti Annette Lanjouw aliona kwamba wanachimba udongo kwa mikono, wanatoa mizizi minene yenye maji, wanaitafuna. Tena wanachukua majani laini yanayoota juu ya miti, wanayachovya ndani ya shimo la mti lenye maji ya mvua, halafu wanayafyonza. Ninyi wa machimbo ya Rubaya, mnaojua taabu ya kuchimba, mtawaelewa wanyama hawa kuliko mtalii yeyote! Na mama anayebeba bidoni kichwani naye atawaelewa.

Shida yao ni makala. Mti wenye shimo la maji ukikatwa, maji yake yanakwisha pamoja nao, na usiku sokomutu analala juu ya miti hiyo hiyo. Ng'ambo ya kisiwa chake kuna mawe na mashamba tu; atahamia wapi? Sisi hatumlaumu mama anayenunua gunia ili watoto wale bukari. Tunawauliza wale wanaojaza malori, na wale wenye silaha wanaotoza ushuru njiani.

Siku njia zikiwa salama na walinzi wakikubali, vijana wa parokia waende kwa kikundi kidogo. Amkeni mapema, maana sokomutu hawangoji mtu. Mwenye kikohozi au mafua abaki nyumbani: ugonjwa wetu unawashika na unaweza kuwaua. Musile mbele yao, musiwatupie ndizi. Na musikasirike kama mutasikia kelele zao tu bila kuwaona, kwani msitu ule ni mzito.

Mwezi ujao tutashuka mpaka ziwa Edouard, tuone viboko wamebaki namna gani.