SAFU YA AFYA: Kipandauso si Uvivu



Wapenzi wasomaji wetu, kila miezi ya joto inapotuingilia hapa Izki, jua likapiga juu ya majabali na vumbi likatanda, husikika lalamiko moja katika nyumba zetu nyingi: "Kichwa kimenipanda." Mama hujifungia chumbani, akateremsha mapazia, akawaomba watoto wanyamaze, na asiweze kustahamili hata harufu ya udi uliofukizwa kwa ajili ya wageni. Siku ya pili huamka mzima, nao waliomzunguka wakasema alikuwa akikwepa kazi. Wengine husema ameingiliwa na shetani. Dhana mbili hizi humdhulumu mgonjwa na kumchelewesha kupata tiba, na ndiyo sababu tumeona mwezi huu tuyazungumzie maradhi haya.

KIPANDAUSO NI NINI?

Kipandauso ni maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu. Waarabu huyaita shaqiqa, jina litokalo na neno lenye maana ya upande au nusu, kwani aghlabu huuma upande mmoja wa kichwa. Tabibu Ibn Sina ameyataja katika kitabu chake Al-Qanun, na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliumikwa kichwani, naye yumo katika ihramu, kwa sababu ya shaqiqa. Vipi basi tumwite mvivu mwenye kuugua maradhi yaliyompata mbora wa viumbe?

Duniani kote takriban mtu 1 katika kila 7 anayo, na wanawake huwapita wanaume kwa mara 2 hadi 3. Mara nyingi hurithiwa. Kichwa hupwita kwa masaa 4 hadi 72, pamoja na kichefuchefu au kutapika, na mwangaza na kelele huwa adhabu. Baadhi ya watu, kabla ya maumivu, huona vimulimuli au mistari ya kupindapinda kwa muda wa dakika 5 hadi 60.

VIPI TUYAKINGE?

Ubongo wa mwenye kipandauso haupendi mabadiliko ya ghafla. Sisi tunaoishi kando ya falaji ya Al-Malki tunajua kwamba maji hugawiwa kwa zamu na kwa kipimo. Mtende haustawi kwa gharika ya siku moja na ukame wa mwezi. Na ubongo huu ni vivyo hivyo: unataka usingizi wake, chakula chake na maji yake kwa wakati, siku zote.

Kwanza, lala na uamke saa zile zile, hata siku za mapumziko. Pili, usiruke chakula. Tatu, kunywa maji kabla ya kiu, khasa ukitoka juani, na ufunike kichwa. Nne, kahawa iwe ya kipimo kimoja. Si vikombe kumi leo na kesho hata kimoja. Tano, ikiwa udi au manukato makali hukudhuru, sema bila ya haya, na wenyeji wako wasione umewavunjia heshima.

Sita, na hili ndilo muhimu kuliko yote, weka daftari. Andika tarehe, saa kichwa kilipoanza, ulivyolala, ulichokula, siku za hedhi na dawa uliyomeza. Mama mmoja tunayemfahamu alikuwa akimlaumu papa mkavu. Daftari lake la miezi 2 likaonyesha kwamba kichwa humpanda Ijumaa, siku anayorudi kulala baada ya alfajiri mpaka kukaribia adhana ya adhuhuri, bila ya kifungua kinywa wala kahawa yake. Alipoirekebisha Ijumaa, maumivu yakapungua. Papa hakuwa na kosa.

RAMADHANI

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 juu ya wagonjwa 32 wenye kufunga ulionyesha kwamba walipata kipandauso wastani wa siku 9 katika Ramadhani, ilhali mwezi mwengine ni takriban siku 4. Kwa hivyo tujitayarishe: tupunguze kahawa kidogo kidogo wiki 2 kabla ya mwezi kuandama, tusiache daku, na tunywe maji ya kutosha baina ya futari na alfajiri. Anayezidiwa akumbuke kwamba Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine. Amuulize daktari wake na sheikh wake, wala asijitese kwa kuogopa maneno ya watu.

TAHADHARI YA DAWA

Dawa ya maumivu humezwa mapema, kichwa kinapoanza. Lakini mwenye kumeza parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vilivyochanganywa na kafeini siku 10 au zaidi, na akaendelea hivyo kwa miezi, dawa yenyewe humletea maumivu ya kichwa ya kila siku. Akifika huko, au akiumwa siku 4 au zaidi kila mwezi, aende kituo cha afya na daftari lake mkononi. Zipo dawa za kukinga, na daktari akiona haja atamwandikia rufaa Nizwa. Asiazime dawa ya jirani: propranololi haimfai mwenye pumu, na valproeti haimfai mwanamke anayeweza kushika mimba. Na mwanamke anayeona vimulimuli amwambie daktari kabla ya kupewa vidonge vya kupanga uzazi, kwani baadhi yake humzidishia khatari ya kiharusi.

Mkimbize mgonjwa hospitali mara moja ikiwa maumivu yamempiga kwa ghafla kama radi, ikiwa ana homa na shingo imekakamaa, amelegea upande mmoja au ulimi umekuwa mzito, ameanguka na kuumia kichwa, ni mjamzito, au kichwa hiki kimemwanza baada ya umri wa miaka 50.

Kwa kumalizia, tunawausia waume, mawifi na mama wakwe: mtu akisema kichwa kimempanda, mpeni chumba chenye kiza, maji na utulivu, na muwachukue watoto. Binti akianza kulalamika kama mama yake, msimwambie anaigiza, mnunulieni daftari.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.